Shinkansen au shinkaisoku: namna ya kusafiri kwa treni Osaka, Kyoto na Kobe

Mtu akipata safari ya Japani, iwe ya masomo, ya kununua magari au ya mkutano, swali lake la kwanza huwa ni shinkansen, treni ya mwendokasi ya huko. Ana haki ya kuuliza. Treni hiyo hukimbia hadi kilomita 285 kwa saa kati ya Tokyo na Osaka, na hufika 300 ikishaipita Osaka kuelekea Hiroshima na Fukuoka. Tangu ilipoanza tarehe 1 Oktoba 1964, hakuna abiria hata mmoja aliyepoteza maisha kwa treni hiyo kugongana au kuacha reli.

Ila ukishafika Kansai, yaani eneo la Osaka, Kyoto, Kobe na Nara, treni utakayoihitaji kila siku ni nyingine. Inaitwa shinkaisoku, inapandwa kwa nauli ya kawaida bila nyongeza, na wageni wengi huondoka bila kuijua. Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia kufunga mizigo hadi kurudi uwanja wa ndege. Bei nilizotaja ni za kukadiria, maana nauli hupandishwa mara kwa mara. Angalia bei ya siku hiyo kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Pima mzigo, piga hesabu ya pasi

Chukua tepu ya fundi, pima urefu, upana na kina cha begi lako kubwa, kisha jumlisha. Tangu Mei 2020, shinkansen za Tokyo hadi Osaka na kuendelea hadi Kyushu zina sheria: mzigo ukizidi jumla ya sentimita 160, lazima ukate kiti cha nyuma kabisa ya behewa, chenye nafasi ya mizigo nyuma yake. Kukata kiti hicho hakuongezi gharama. Ukipanda na mzigo wa ukubwa huo bila kukikata, unatozwa yeni 1,000. Ukizidi sentimita 250 haupandi kabisa. Mashirika mengi ya ndege hutumia kipimo cha sentimita 158, kwa hiyo sanduku la kawaida la magurudumu linapita. Shangazi kaja aliyejazwa mpaka zipu zinalia ndiye wa kupimwa mara mbili.

Kama una masanduku mawili makubwa, njia bora ni kuyatuma kwa kampuni za kusafirisha vifurushi. Hoteli nyingi hupokea na kutuma, na kati ya Tokyo na Osaka mzigo kwa kawaida hufika kesho yake. Kupanda ngazi za stesheni na sanduku la kilo 23 saa ambayo watu wanakwenda kazini ni mateso yako na ya walio nyuma yako.

Kuhusu pasi ya kitaifa ya siku 7 ya JR (kundi la kampuni kubwa za reli za Japani), inayokupandisha treni zao bila kukata tiketi kila safari: wengi bado wanainunua kwa mazoea ya zamani. Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Osaka kwa shinkansen ni takribani yeni 14,000 kwenda, na kurudi hivyohivyo. Kwa hiyo anayekwenda Osaka na kurudi Tokyo tu anapata hasara kubwa akinunua pasi. Tena pasi hiyo peke yake haikupandishi Nozomi, ambayo ndiyo treni ya haraka kuliko zote na ndiyo nyingi zaidi kwenye ratiba. Mpaka uongeze hela. Inunue kama tu unakwenda mbali sana na kwa siku chache, mfano Tokyo, Hiroshima, Fukuoka na kurudi ndani ya wiki.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege wa Kansai

Sisi wa Afrika Mashariki tukija Osaka mara nyingi tunapitia Dubai au Doha na kushukia uwanja wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na kufunguliwa Septemba 1994. Stesheni iko mbele ya jengo la abiria, na mageti ya kampuni mbili yamekaa ubavu kwa ubavu: JR na Nankai. Usichague kwa rangi ya geti. Chagua kwa mahali unapolala.

Ukilala Namba au Shinsaibashi, kusini mwa Osaka, panda Nankai. Treni yao ya kawaida ya haraka hufika Namba kwa kama dakika 45 na nauli haifiki yeni 1,000 kwa viwango nilivyovizoea. Ipo na ile ya rangi ya buluu iliyoiva inayoitwa rapi:t, yenye kiti cha kukatia na nafasi ya mizigo. Unaongeza kama yeni 500 na kuokoa dakika chache. Thamani yake iko kwenye kiti zaidi kuliko mwendo.

Ukilala upande wa stesheni ya Osaka, Shin-Osaka au Kyoto, panda JR. Treni yao iitwayo Haruka inakwenda moja kwa moja hadi Kyoto kwa takribani saa moja na robo, na tangu Machi 2023 inasimama pia stesheni ya Osaka, kwenye majukwaa mapya ya chini ya ardhi. Mwenye pasipoti ya nje huwa anauziwa tiketi ya Haruka kwa punguzo, kwa hiyo uliza au itafute mtandaoni kabla ya kulipa bei kamili. Asiye na haraka apande treni ya kawaida iitwayo Kanku Kaisoku: saa moja na kitu hadi Osaka, kwa takribani yeni 1,200.

Hatua ya 3: Nunua kadi ya ICOCA

Kwenye mashine za JR hapo hapo uwanjani, gusa kitufe cha Kiingereza na ununue ICOCA. Andaa pesa taslimu. Yeni 2,000 zinakupa kadi yenye salio la 1,500. Hizo 500 ni amana. Unagusa geti unapoingia, unagusa unapotoka, mashine inakata yenyewe. Kadi moja inatosha kwa reli za JR, Nankai, Hankyu, Hanshin, Keihan, Kintetsu, Osaka Metro, mabasi mengi, hata chupa ya maji dukani. Kama ulishanunua Suica au PASMO ukiwa Tokyo, usinunue nyingine, kwa kuwa tangu 2013 kadi hizi zinakubaliana.

Mambo mawili kuhusu kadi. Kwanza, inalipa nauli ya msingi tu. Kupanda Haruka, rapi:t au treni nyingine ya kulipia kiti, lazima uwe na tiketi ya ziada. Pili, kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawawezi kugusa kadi moja mara mbili, kwa sababu mfumo unakumbuka kwamba mwenye kadi tayari yuko ndani. Salio likiisha ukiwa ndani, usihangaike: karibu na geti la kutokea kuna mashine ya kulipia upungufu, unaingiza kadi, unaongeza pesa, unatoka.

Baadhi ya reli binafsi hapa zinapokea pia kadi za benki za kugusa, Nankai wakiwa wameanza 2021. Usiitegemee njia hiyo kwenye mageti ya JR.

Hatua ya 4: Jifunze aina nne za treni

Hapa ndipo penye utamu wa Kansai, na ndipo wageni wanapopoteza muda mwingi. Kwenye jukwaa moja zinapita treni za mwendo tofauti, na jina la aina huandikwa ubaoni na ubavuni mwa treni.

Futsu inasimama kila kituo. Kaisoku inaruka baadhi. Shinkaisoku inaruka vingi. Tokkyu inasimama vichache kabisa, na ukiwa JR lazima ulipie nyongeza. Nyongeza hiyo ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu Hankyu na Hanshin nao wana treni ziitwazo tokkyu ambazo hazina nyongeza, na Keihan vilevile, isipokuwa ukikaa kwenye behewa maalumu la viti vya kulipia. Kintetsu na Nankai wanatoza. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Tazama ni ya kampuni gani.

Sasa shinkaisoku. Ilianza 1970, na leo hupita mchana karibu kila baada ya dakika 15 kati ya Kyoto, Osaka, Kobe na Himeji, nyingine zikifika mbali zaidi pande zote mbili. Kyoto hadi Osaka ni kilomita 42.8 na inazimaliza kwa chini ya nusu saa. Osaka hadi Sannomiya, katikati ya Kobe, ni dakika 21 au 22. Inakimbia hadi kilomita 130 kwa saa, na inafanya hivyo kwenye reli ya upana wa milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Anayeidharau reli nyembamba angekaa dirishani kati ya Kyoto na Takatsuki halafu aseme. Siri yake ni kwamba kuanzia Kusatsu hadi Nishi-Akashi kuna njia nne sambamba badala ya mbili: futsu zina njia zao, shinkaisoku inazipita bila kumsubiri mtu.

Ulinganishe na shinkansen kati ya miji hiyohiyo. Kyoto hadi Shin-Osaka ni robo saa tu, lakini nauli ni zaidi ya mara mbili, na ukishafika bado hujafika mjini. Shin-Osaka iko kaskazini mwa mto Yodo, Osaka yenyewe iko kusini. Ni kama terminali ya SGR ya Nairobi ilivyo Syokimau, unashuka halafu unatafuta treni nyingine ya kukuingiza katikati. Dakika ulizookoa zinaishia kwenye ngazi na kusubiri. Ndani ya Kansai, panda shinkaisoku. Shinkansen iweke kwa Nagoya, Tokyo, Okayama na kwingine kwa mbali.

Kabla ya kupanda, tazama sakafu ya jukwaa. Utaona alama za pembetatu na za duara, na namba za mabehewa. Ubao wa juu unaonyesha treni inayokuja ina mabehewa mangapi na upange foleni kwenye alama ipi. Ukisimama kwenye duara wakati treni yako ni ya pembetatu, milango itafungukia kwa wenzako. Foleni ni mistari miwili. Wanaoshuka washuke kwanza kutoka katikati, halafu nyie ndio muingie.

Wanawake wanaosafiri peke yao watafute alama za waridi sakafuni. Hapo linasimama behewa la wanawake pekee, na kwenye njia za JR za Osaka zenye behewa hilo, utaratibu huo ni wa siku nzima, kila siku. Nalisifu sana, hasa saa za asubuhi ambapo mtu hawezi hata kuinua mkono.

Hatua ya 5: Chagua kampuni kwa kuangalia unakoshukia

Miji ya Kansai imeunganishwa na kampuni zilizoshindana kwa zaidi ya karne moja. Hanshin walifungua njia ya Osaka hadi Kobe mwaka 1905, Keihan wakafuata 1910 kuelekea Kyoto, na Nankai chimbuko lake ni 1885. Kila moja ilijenga stesheni zake mahali pake, ndiyo maana mji mmoja una stesheni tatu nne zisizofanana. Mwendo wa kasi usikudanganye kama utashuka mbali na unakokwenda.

Mfano wa kwanza, Kyoto. JR inakushusha stesheni kuu ya Kyoto, kusini mwa mji. Kama shabaha yako ni Gion na mitaa ya kale, Hankyu kutoka Osaka-Umeda hadi Kyoto-Kawaramachi inachukua kama dakika 43, ni nafuu kuliko JR, na inakuacha umbali wa kutembea. Keihan inashusha Gion-Shijo kabisa.

Mfano wa pili, Nara. Stesheni ya Kintetsu-Nara iko karibu zaidi na bustani ya wanyama aina ya paa kuliko ile ya JR. Kutoka Osaka-Namba ni chini ya dakika 40 kwa treni ya kawaida ya haraka. Angalia tu usiingie tokkyu ya Kintetsu bila tiketi ya kiti.

Mfano wa tatu ni wa Ijumaa. Msikiti wa Kobe, wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa 1935, ukasalimika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Uko umbali wa kutembea kutoka Sannomiya. JR, Hankyu na Hanshin zote zinafika Sannomiya. Kutoka stesheni ya Osaka, shinkaisoku ndiyo ya haraka; Hankyu na Hanshin huchukua kama nusu saa kwa takribani yeni 330. Anayetoka Namba apande Hanshin kutoka Osaka-Namba bila kupita Umeda kabisa. Usipande shinkansen: hiyo inakwenda Shin-Kobe, chini ya mlima, na utahitaji treni ya chini ya ardhi ya kituo kimoja kurudi Sannomiya.

Hatua ya 6: Umeda na Namba

Stesheni ya JR inaitwa Osaka. Hankyu na Hanshin wanaiita yao Osaka-Umeda. Metro wana Umeda, Higashi-Umeda na Nishi-Umeda. JR tena wana Kitashinchi. Zote zimeunganishwa na njia za chini ya ardhi zenye maduka, na ukiingia humo bila mpango utazunguka. Namba ni hivyohivyo: Namba ya Nankai, Osaka-Namba ya Kintetsu na Hanshin, JR Namba, na Namba ya Metro.

Dawa yake ni kufuata jina la kampuni na rangi ya njia kwenye mabango, usifuate jina la eneo. Njia ya Midosuji ya Metro ni nyekundu na ndiyo uti wa mgongo wa jiji: Shin-Osaka, Umeda, Namba, Tennoji, zote ziko juu yake. Ukipotea kabisa, panda juu hadi barabarani, tazama jengo, anza upya. Google Maps hapa hutaja hadi namba ya jukwaa.

Tahadhari moja kuhusu njia ya mzunguko ya JR ya Osaka, yenye vituo 19. Si kila treni inayopita hapo inazunguka. Nyingine zikifika Tennoji zinaacha duara na kwenda zao Nara, Wakayama au uwanja wa ndege. Soma mwisho wa safari ulioandikwa kwenye treni, usiridhike na jukwaa.

Hatua ya 7: Kupanda shinkansen yenyewe

Nenda Shin-Osaka. Kutoka stesheni ya Osaka ni kituo kimoja kwa JR, dakika kama nne. Kuna Nozomi, Hikari na Kodama kuelekea Tokyo. Nozomi inachukua takribani saa mbili na nusu, Kodama inasimama kila stesheni. Kuelekea magharibi utaona pia Mizuho na Sakura, ambazo tangu Machi 2011 zinavuka moja kwa moja hadi Kagoshima.

Tiketi unaweza kukata kwa mashine, kaunta, au kwa programu ya smartEX, inayopokea kadi za benki za nje na kukuruhusu kubadilisha treni bila gharama kabla ya kuondoka. Kuna viti vya kukatia namba na mabehewa machache ya kukaa popote. Msimu wa mwaka mpya, wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mapumziko ya Obon ya Agosti, Nozomi zote ni za kukata kiti. Ukitaka kuona mlima Fuji, chagua kiti E cha dirishani, kwenda au kurudi ni herufi ileile.

Tiketi za karatasi mara nyingi huwa mbili: moja ya nauli, nyingine ya mwendokasi. Ingiza zote kwa pamoja getini, na uzichukue zinapotokeza upande wa pili. Ukifika kutoka Tokyo na tiketi ya nauli imeandikwa eneo la jiji la Osaka, geti la kuhamia treni za kawaida litakurudishia hiyo tiketi. Ichukue! Inakufikisha hadi stesheni yoyote ya JR ndani ya eneo hilo, Osaka au Tennoji, bila kulipa tena. Tiketi za smartEX hazina faida hiyo, zinaishia Shin-Osaka.

Hatua ya 8: Saa, tufani na kurudi

Ratiba zote ni za saa 24. 21:24 ni saa tatu na dakika 24 usiku. Japani iko saa 6 mbele yetu, na hili huwafurahisha wengi: saa ya mishale ya Osaka inasoma saa ya Kiswahili ya nyumbani. Mshale mfupi ukiwa kwenye 3 mchana wa Osaka, Dar na Nairobi ni saa tatu asubuhi.

Shinkansen hazikimbii usiku wa manane. Nozomi ya mwisho kutoka Tokyo kuja Shin-Osaka huondoka kabla ya saa tatu na nusu usiku. Treni za mjini nazo hukoma karibu saa sita usiku, na teksi ya kutoka Kobe hadi Osaka itakula bajeti ya siku nzima.

Msimu wa tufani, hasa Agosti na Septemba, fuatilia matangazo kuanzia siku moja kabla. Tangu 2014 JR West, yaani JR ya huku Kansai, hutangaza mapema kwamba treni zitasimama saa fulani, na zinasimama kweli. Septemba 2018 tufani iliitupa meli ya mafuta kwenye daraja la uwanja wa Kansai na treni za uwanjani zikakatika kwa kama wiki mbili. Treni ikichelewa, vumilia. Tarehe 25 Aprili 2005 huko Amagasaki, treni iliyokuwa nyuma ya ratiba kwa takribani dakika moja na nusu iliingia kwenye kona kwa mwendo mkali na kuacha reli. Watu 107 walikufa, dereva akiwamo. Ukiwa na ndege ya kuwahi, tenga saa nzima ya akiba.

Siku ya kurudi, ukipanda Kanku Kaisoku kutoka Osaka, tazama namba ya behewa. Nyingi ya treni hizi hukatwa vipande viwili zikifika stesheni ya Hineno: behewa la 1 hadi la 4, za mbele, zinakwenda uwanjani, la 5 hadi la 8 zinakwenda Wakayama. Ukigundua uko nyuma, beba mizigo yako, shuka Hineno na utembee jukwaani hadi mbele kabla milango haijafungwa.